Kuonja na kupima mvinyo mwekundu wa Bordeaux: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu aliye na chupa nzuri ya Bordeaux, au anayeifikiria, na anayetaka kujua kilichomo ndani kabla ya kuamini lebo, bei au maneno ya mwingine. Mifano mingi inatoka Médoc, sehemu ya eneo la Bordeaux huko Ufaransa, hasa kijiji cha Pauillac, kwa sababu mvinyo wa huko una kila kitu ambacho mwonjaji anahitaji kujifunza: rangi nzito, harufu nyingi, uchachu, ukakasi na maisha marefu.

Mvinyo wa Bordeaux umetengenezwa kwa zabibu gani?

Karibu kila mara ni mchanganyiko. Zabibu kuu ni Cabernet Sauvignon na Merlot. Cabernet Franc hufuata, kisha Petit Verdot na Malbec kwa kiasi kidogo.

Mito miwili, Garonne na Dordogne, inakutana kaskazini mwa mji wa Bordeaux na kufanya mlango mpana wa bahari uitwao Gironde. Ukingo wa kushoto ndiko iliko Médoc, yenye vijiji vya Saint-Estèphe, Pauillac, Saint-Julien na Margaux. Ardhi yake ni changarawe nene inayopitisha maji upesi na kutunza joto la mchana, na Cabernet Sauvignon, ambayo huchelewa kuiva, inalihitaji joto hilo. Ukingo wa kulia, Saint-Émilion na Pomerol, una udongo wa mfinyanzi na chokaa, na huko Merlot ndiyo inayotawala. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kusema "nimekunywa Bordeaux" na kuwa wamekunywa vitu viwili tofauti kabisa: mmoja mvinyo ulionyooka, wenye ukakasi na harufu ya mbao, mwingine mvinyo laini unaojaa kinywani kwa ladha ya matunda.

Maneno "Grand Cru Classé en 1855" kwenye lebo yanathibitisha ubora?

Yanathibitisha historia. Mwaka 1855 Napoléon III, mtawala wa Ufaransa, alitaka mivinyo ya Bordeaux ipangwe kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris. Madalali wa mvinyo wa Bordeaux wakaipanga katika madaraja matano, na kigezo chao kikubwa kilikuwa bei ambayo kila shamba lilikuwa limezoea kuuzia. Daraja la kwanza lilikuwa na mashamba manne: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Shamba la tano, Mouton, lilipandishwa hadi daraja hilo mwaka 1973, na hayo ndiyo mabadiliko makubwa pekee yaliyowahi kufanyika. Matatu kati ya hayo matano, yaani Lafite, Latour na Mouton, yako Pauillac.

Tangu 1855 mashamba yamebadili wamiliki, yamenunua ardhi na kuuza ardhi, na mengine ya daraja la tano leo yanatoa mvinyo unaoshinda wa daraja la pili. Pomerol haina madaraja yoyote, na bado Pétrus ni miongoni mwa mivinyo ghali kuliko yote duniani. Saint-Émilion ina orodha yake iliyoanza 1955, ambayo hupitiwa upya kila baada ya miaka kumi hivi. Soma daraja ili ujue shamba lina sifa gani ya zamani, kisha uliweke pembeni. Linalofaa zaidi kutazamwa ni mwaka wa mavuno, jina la kijiji, na kama huo ni mvinyo mkuu wa shamba au ni wa pili. Mashamba makubwa hutenga mapipa ambayo hayakufikia kiwango na kuyauza kwa jina jingine, kama Les Forts de Latour au Carruades de Lafite. Mvinyo wa pili wa mwaka mzuri ni njia nzuri ya kujifunza mtindo wa shamba bila kulipa bei ya mvinyo mkuu.

Nahitaji vifaa gani?

Bilauri yenye shina, tumbo pana na mdomo uliobanwa kidogo ili harufu isitawanyike. Karatasi nyeupe. Maji ya kunywa. Chombo cha kutemea. Kalamu na daftari, kwa sababu kumbukumbu ya harufu hupotea haraka mno. Mimina kiasi cha mililita 50 tu. Chupa ya kawaida ya mililita 750 inatosha waonjaji kumi na watano.

La muhimu kuliko bilauri ni hewa ya chumba. Siku ya kuonja acha marashi na usifukize udi. Kama jirani anachoma nyama, fungeni madirisha au ahirisheni. Bilauri zioshwe kwa maji ya moto na zinuswe kabla ya kumimina: bilauri iliyokaa kabatini hubeba harufu ya kabati, na utaiandika daftarini ukidhani ni ya mvinyo.

Nimeambiwa mvinyo mwekundu unywewe kwa "joto la chumba". Ni sawa?

Ushauri huo ulitoka kwenye nyumba za Ulaya za zamani, zenye kuta za mawe na baridi. Bordeaux huonjwa vizuri kati ya nyuzi 16 na 18 za Selsiasi. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa kikiwa na nyuzi 29, kileo kinapanda puani kwanza na kufunika kila kitu, na mvinyo unaonekana mzito na usio na umbo. Weka chupa kwenye friji karibu saa moja, au kwenye ndoo ya maji yenye barafu kwa dakika kumi hivi. Usipitilize, maana mvinyo mwekundu ukiwa baridi sana harufu zake hujifunga na ukakasi wake huwa mkali. Ukikosea, ni afadhali ukosee upande wa baridi. Mvinyo utapata joto wenyewe ndani ya bilauri, na kuufuatilia unavyofunguka ni sehemu ya kazi.

Rangi inaniambia nini?

Inamisha bilauri juu ya karatasi nyeupe na tazama mahali viwili: katikati na ukingoni. Bordeaux mchanga una ukingo wa zambarau. Kadiri miaka inavyokwenda rangi hugeuka kuwa nyekundu iliyokolea, kisha ukingo unakuwa wa matofali, na mwisho wa hudhurungi. Mvinyo wa miaka mitano wenye ukingo wa hudhurungi umezeeka kabla ya wakati, na mara nyingi sababu ni joto au hewa iliyopenya kwenye kizibo.

Yale machozi yanayoteremka kwenye kioo baada ya kuzungusha yanasimuliwa kupita kiasi. Yanatokana na kileo kuvukia upesi kuliko maji. Hayapimi ubora.

Ninuse vipi, na nitafute nini?

Hapa ndipo penye utajiri, kwa hiyo usiwe na haraka. Nusa kwanza bilauri ikiwa imetulia, kwa pumzi fupi. Kisha izungushe mara chache na unuse tena. Harufu nyepesi hutoka katika mnuso wa kwanza, na zile nzito huhitaji kuamshwa. Pumzika kati ya mnuso na mnuso, kwa kuwa pua huzoea harufu ndani ya muda mfupi na kuacha kuitambua.

Panga unachokipata kwa asili yake. Kuna harufu zitokazo kwenye zabibu. Kwa Cabernet Sauvignon ya Pauillac, ya kwanza kutajwa ni ile ya tunda dogo jeusi ambalo Wafaransa huliita cassis. Halioti kwetu, lakini Wakenya waliokunywa Fanta Blackcurrant wanaijua harufu yake kwa mbali. Pengine utakutana pia na pilipili hoho mbichi. Harufu hiyo hutoka kwenye kemikali ambazo Cabernet Sauvignon imezirithi: uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 1997 na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ulionyesha kuwa wazazi wake ni Cabernet Franc na Sauvignon Blanc, na wote wawili wana harufu hiyo ya majani. Ikiwa kidogo inaupa mvinyo uhai. Ikitawala, zabibu zilivunwa hazijaiva sawasawa.

Kuna harufu zitokazo kwenye pipa. Mivinyo mikuu ya Médoc hukaa miezi 18 hivi katika mapipa ya mwaloni ya lita 225, na mengi huwa mapya. Ndani ya pipa mbao hubabuliwa kwa moto, na hapo hutokea vanila, moshi, kahawa iliyokaangwa na karafuu. Karafuu hapa ni karafuu ya kweli: mwaloni uliopashwa moto hutoa eujenoli, kemikali ileile inayozipa karafuu za Pemba harufu yake. Msomaji aliyekulia karibu na majamvi ya kuanikia karafuu ana pua iliyofunzwa kwa jambo ambalo mwonjaji wa Paris anapaswa kulisomea.

Halafu kuna harufu za umri: tumbaku, ngozi, majani makavu, uyoga, udongo ulionyeshewa. Pauillac uliokomaa husifiwa hasa kwa harufu ya mwerezi, ile ya penseli inapochongwa. Mtarakwa wa milima ya Kenya na Usambara ni ndugu wa miti inayotengenezewa penseli, na uliwahi kukatwa kwa kazi hiyo hiyo. Nusa mbao yake mbichi mara moja, hutasahau.

Wenzangu wanataja matunda kumi, mimi napata mawili. Pua yangu ina kasoro?

Haina. Orodha ndefu ya matunda si kipimo cha mwonjaji. Mwaka 2001 watafiti wa Kifaransa, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo. Waliwapa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yalikuwa yameiamulia pua.

Kwa hiyo taja machache unayoyapata kweli, na uyataje kwa vitu unavyovijua. Kama kinachokujia ni zambarau mbivu, ukwaju au kungumanga, andika hivyo. Kuandika "cassis" kwa sababu kitabu kimesema cassis hakukufundishi chochote. Mimi naheshimu zaidi mwonjaji mwenye maneno matano anayoyatumia kwa namna moja kila mara kuliko mwenye hamsini yanayobadilika kulingana na bei ya chupa.

Kinywani nafanya nini?

Piga funda dogo, lisambaze ulimi mzima na ufizi, kisha vuta hewa kidogo kwa midomo iliyofungwa nusu. Hewa hiyo hubeba harufu kutoka nyuma ya koo hadi puani, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu inayopita njia hiyo. Ziba pua ukiwa na funda kinywani, na utaona kinachobaki: uchachu, uchungu kidogo, joto la kileo na ukakasi.

Uchachu huujua kwa mate. Ukishameza au kutema, mate yanajaa pembeni mwa ulimi, na yakijaa zaidi uchachu ni mwingi zaidi. Ndio unaofanya mvinyo uonekane mbichi na wenye nguvu. Bila huo, tunda linachosha.

Ukakasi unataka maelezo zaidi, kwa sababu ndio unaowakimbiza watu wengi kwenye Bordeaux. Unatokana na tanini zilizomo kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kidogo kwenye mbao za pipa. Tanini hushikana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi wake, na kinywa kinakauka na kukwaruza. Yeyote aliyetafuna bibo la korosho au ndizi mbichi anaijua hali hiyo. Usiulize tu kama ukakasi ni mwingi au mchache. Uliza una umbile gani. Tanini zilizoiva hukaza kinywa chote kwa usawa, zikiwa na chembe laini, na huondoka pole pole. Tanini mbichi hukwaruza ufizi wa mbele, huacha uchungu na huonekana zimejitenga na tunda. Mvinyo mkuu wa Pauillac ukiwa mchanga unaweza kuwa na tanini nyingi sana na bado zote zikawa zimeiva. Tofauti hii ndiyo inayomtenganisha mtu anayepima na anayesema tu "ni mkali".

Kileo hukisikia kama joto kooni. Mivinyo ya Médoc leo huwa kati ya asilimia 13 na 14.5. Ukilihisi joto hilo kama kitu cha pekee, mizani imeshaharibika.

Sasa nitaamuaje kama mvinyo ni bora au wa kawaida?

Jiulize kwanza kama vile vinne, yaani tunda, uchachu, ukakasi na kileo, vinashikana au kimoja kinajitokeza mbele ya vingine. Halafu hesabu urefu. Ukishatema, ladha njema inaendelea kwa muda gani? Wafaransa wana kipimo kwa ajili ya hili, caudalie, na caudalie moja ni sekunde moja. Hesabu ladha ya tunda na harufu, usihesabu ukakasi wala joto la kileo. Mvinyo wa kawaida hukatika upesi. Mvinyo mkuu unaweza kukaa nawe hadi ukasahau kuendelea kuhesabu, na njiani ladha inabadilika.

Mwisho, rudi kwenye bilauri baada ya nusu saa. Mvinyo mdogo umeshasema yote. Mvinyo bora unakuwa umeleta jambo ambalo halikuwapo mwanzoni. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo cha kuaminika kuliko vyote, na ndicho watu wasichokitumia, kwa kuwa kinataka subira.

Vipi kuhusu alama?

Wafaransa kwa desturi walitoa alama juu ya 20. Mhakiki wa mvinyo wa Kimarekani, Robert Parker, ndiye aliyeeneza alama juu ya 100, na jina lake lilipanda alipousifu kwa nguvu mwaka wa mavuno wa 1982. Alama inaweza kukusaidia dukani. Haikuambii kama mvinyo unakukaza ufizi, kama una harufu ya mwerezi, wala kama umefikia umri wa kunywewa. Ukitaka kutoa alama zako, ziandike baada ya maelezo.

Kwa nini mwaka wa mavuno unatajwa sana?

Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Bordeaux ni mara moja tu, kwa kawaida Septemba na Oktoba, na hali ya hewa inayotoka Atlantiki haitabiriki. Baridi kali ya Februari 1956 iliua mizabibu mingi. Barafu ya Aprili ilipunguza mavuno mwaka 2017 na tena 2021. Mwaka 2013 ulikuwa wa baridi na mvua, na mivinyo yake mingi ni myepesi. Kwa upande mwingine 1961, 1982, 2005, 2010 na 2016 zinahesabiwa miongoni mwa miaka mikuu.

Usidharau miaka midogo. Mvinyo wa mwaka mwepesi kutoka shamba lenye uangalifu hunyweka mapema, na kwa mtu anayejifunza unaonyesha umbo la mvinyo waziwazi kuliko mwaka mkuu ambao bado umejifunga.

Nitajuaje kama mvinyo mchanga utakomaa vizuri?

Ukakasi peke yake hauhakikishi. Tazama kama kuna tunda la kutosha kuungana nao na uchachu wa kuubeba. Kadiri miaka inavyopita, tanini na rangi hushikana, huwa nzito na kuzama kama mashapo. Mvinyo unalainika na rangi inapungua. Kama tunda ni dogo tangu mwanzo, litakwisha kabla tanini hazijalainika, na utabaki na ukavu mtupu. Pauillac wa mwaka mkuu unaweza kuhitaji miaka kumi na tano au zaidi. Bordeaux ya bei nafuu imetengenezwa kunywewa ndani ya miaka michache, kuitunza hakuipandishi daraja.

Ukiwa Afrika Mashariki, zingatia mahali pa kutunzia. Chupa ya kukaa miaka inahitaji nyuzi 12 hadi 14, giza, na kulazwa ili kizibo kisikauke. Kama huna mahali pa namna hiyo, nunua mvinyo uliokwisha kukomaa na uunywe mapema.

Nimimine kwenye jagi la kioo kwanza?

Mvinyo mchanga, ndiyo: saa moja au mbili za hewa humfungulia mwonjaji mlango. Mvinyo wa zamani humiminwa kwa sababu nyingine, kuyaacha mashapo nyuma. Simamisha chupa siku moja kabla, mimina pole pole huku taa ikimulika shingo, na uache mara uzi wa kwanza mweusi unapotokea. Kisha onja mara moja, maana harufu za mvinyo mzee hazivumilii hewa kwa muda mrefu.

Nitatambuaje chupa iliyoharibika?

Harufu ya gunia lililolowa au kadibodi bichi ni dalili ya TCA, kemikali itokanayo na ukungu kwenye kizibo cha gome. Nanogramu chache kwa lita zinatosha kuinuka puani, na hata kabla ya hapo mvinyo unakuwa bubu, hauna tunda. Hakuna dawa, rudisha chupa.

Harufu ya siki au ya dawa ya kufutia rangi ya kucha inatokana na bakteria. Harufu ya zizi la farasi hutoka kwa hamira mwitu iitwayo Brettanomyces. Wapo wanaoipenda ikiwa kidogo, mimi naona inafuta tofauti kati ya shamba na shamba.

Kasoro tunayokutana nayo zaidi huku kwetu ni joto. Chupa iliyokaa kwenye kontena bandarini au kwenye rafu ya dirishani huonja kama tunda lililopikwa, na kizibo chake huenda kimesukumwa juu au kina michirizi ya mvinyo ubavuni. Kabla ya kulipa, pitisha kidole juu ya kofia ya chupa na uhisi kama imeinuka. Duka lisilo na kiyoyozi si mahali pa kununua Bordeaux ya bei kubwa.

Kutema si ukosefu wa adabu?

Kwenye kuonja, kutema ndiyo adabu. Wataalamu hutema siku nzima, vinginevyo hukumu yao baada ya bilauri ya sita isingekuwa na thamani. Kumbuka tu kwamba hata anayetema hufyonza kileo kidogo, kwa hiyo asiendeshe gari baada ya meza ndefu.

Kuna faida gani kufunika lebo?

Kubwa sana. Tarehe 24 Mei 1976 Mwingereza Steven Spurrier aliwaonjesha majaji wa Kifaransa huko Paris mivinyo iliyofichwa majina. Kati ya myekundu, Cabernet ya California ya mwaka 1973 kutoka Stag's Leap iliipita Mouton ya 1970. Majaji hawakuwa wageni wa kazi. Walichokosa siku hiyo ni lebo tu. Funika chupa zako kwa soksi au gazeti, zipe namba, ongeza chupa moja ya bei ya chini, na andikeni kila mtu peke yake kabla ya kuzungumza. Mwenye sauti kubwa mezani hubadilisha pua za wengine.

Niiandalie chakula gani?

Mbuzi au kondoo wa kuchoma, chumvi ya kutosha, pilipili kidogo mno. Mafuta na protini za nyama hulainisha ukakasi, wakati pilipili huuchochea pamoja na joto la kileo. Pauillac wenyewe wanajulikana kwa kondoo wao wachanga. Ila onja kwanza, ule baadaye.

Chupa ikibaki nusu?

Irudishie kizibo na uiweke kwenye friji. Bordeaux mchanga huvumilia siku mbili au tatu, na wenye tanini nyingi mara nyingine huwa mzuri zaidi siku ya pili. Mvinyo wa zaidi ya miaka ishirini umalizwe jioni ile ile.